Jinsi ya kubuni mchezo usiomchosha mchezaji: Mafunzo kutoka Kitui na Makueni

KATIKA vituo vingi vya biashara kaunti za Kitui na Makueni, kuanzia Mwingi na Mutomo hadi Wote na Kibwezi, si ajabu kuwakuta wanaume wameuzunguka ubao wa drafti chini ya mti au kwenye baraza ya duka. Kete zao aghalabu ni vifuniko vya chupa za soda. Hakuna tuzo inayotolewa wala taa zinazomwekamweka, lakini mchezo ulioanza adhuhuri huweza kukutwa na magharibi ungali unaendelea.

Katika vituo vivyo hivyo, vijana nao huinamia simu za mkononi wakicheza michezo ya kamari. Nao pia hawabanduki.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: Ni kitu gani hasa ndani ya mchezo kinachomfanya mtu aendelee kucheza? Na je, kinachomshika mcheza drafti ndicho hicho kinachomnasa mcheza kamari?

Jibu la swali hilo lina manufaa kwa wazazi, kwa walimu wanaotafuta njia ya kuchangamsha masomo, na kwa vijana wanaojifunza kuunda programu za simu na kompyuta, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui. Makala haya yanaeleza kanuni zinazoupa mchezo uhai, kwa kutumia michezo ambayo msomaji anaifahamu tayari.

Kanuni ndizo mchezo

Kila mchezo una sura na una kanuni. Sura ni ubao, rangi, picha na sauti. Kanuni ni yale ambayo mchezaji anaruhusiwa kutenda, yale anayolazimishwa kutenda, na yale yanayofuata baada ya kutenda.

Wabunifu wengi chipukizi hushughulikia sura kwanza. Huchora wahusika, hutafuta muziki, kisha hushangaa mchezo wao unapoachwa baada ya dakika tano. Drafti inatufundisha kinyume cha hayo. Ubao waweza kuchorwa kwa chaki juu ya kipande cha mbao, na kete zikaokotwa nje ya duka. Sura ni duni, lakini kanuni ni imara, na mchezo unadumu.

Kipimo cha kwanza kwa mbunifu ni hiki: mchezo wako ukichezwa kwa vifuniko vya soda na kipande cha katoni, je, bado unapendeza? Ikiwa la, rangi hazitauokoa.

Drafti: Kanuni chache, mawazo mengi

Ubao wa drafti unaochezwa sana nchini Kenya una miraba 64, na miraba 32 pekee ndiyo hutumika. Kila mchezaji huanza na kete 12. Kete husonga mbele kwa mshazari, hula kwa kuruka kete ya mpinzani, na ikifika mwisho wa ubao hupandishwa cheo na kuwa kingi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kufunzwa hayo kwa dakika chache.

Kanuni inayoubeba mchezo mzima ni moja: kula ni lazima. Mchezaji aliye na nafasi ya kula hana hiari ya kukataa. Kwa sababu hiyo, mpinzani mwerevu humtolea kete moja kama chambo, akijua kwamba akishaila atakuwa amefungua njia ya kuliwa mbili au tatu. Bila sharti hilo, drafti ingekuwa mwendo wa kusogezana polepole hadi mmoja achoke. Sharti hilo linageuza kila hatua kuwa mtego unaowezekana.

Hapa pana somo kubwa. Mchezo hauhitaji kanuni nyingi ili uwe na kina, bali unahitaji kanuni chache zinazogongana. Mbunifu anapoona mchezo wake umepooza, asikimbilie kuongeza kanuni ya ishirini. Atazame zile tatu za kwanza na ajiulize kama zinamlazimisha mchezaji kuchagua kati ya mambo mawili yenye faida na hasara.

Jambo la pili ni kwamba makosa katika drafti huonekana. Mchezaji aliyeshindwa anaweza kuonyesha kidole mahali alipokosea, na watazamaji humsaidia kwa kelele. Anapoketi tena, anajua kitu ambacho hakukijua awali. Hamu ya kurudia mchezo hutokana na imani kwamba safari hii nitafanya vyema zaidi, na imani hiyo ina msingi wa kweli.

La tatu ni foleni. Katika vibaraza vingi, anayeshindwa huinuka na anayesubiri huketi. Utaratibu huo mdogo humfanya mtazamaji awe mchezaji mtarajiwa, na mshindi awe mtu wa kuwindwa. Hata asiyecheza yumo mchezoni.

Kati: Hatari na faida mkononi

Watoto wa shule za msingi nao wana mchezo wao unaoitwa kati. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, ambao mara nyingi husukwa kwa matambara au vipande vya plastiki. Walio katikati hukwepa wasipigwe. Katika namna moja ya mchezo huu, aliye katikati hutakiwa kujaza chupa mchanga huku akiukwepa mpira.

Ile chupa ndiyo kiini cha ubunifu. Kukwepa peke yake ni kazi ya kujilinda, na kujilinda huchosha. Chupa inapowekwa, mtoto analazimika kupima: niiname kuteka mchanga sasa, au nisubiri mpira upite? Akiwa mwoga mno hajazi. Akiwa na tamaa mno hupigwa. Hakuna mtu mzima anayehitaji kumhimiza acheze, kwani uamuzi huo humwinda kila baada ya sekunde chache.

Wabunifu wa michezo ya kompyuta hutumia kanuni iyo hiyo. Mchezo wa nyoka uliowekwa katika simu ya Nokia 6110 mwaka wa 1997, na ambao Wakenya wengi waliufahamu kupitia Nokia 3310 iliyotoka mwaka wa 2000, ulijengwa juu yake. Nyoka akila, hurefuka. Akirefuka, hujibana mwenyewe. Kwa hivyo mafanikio ya mchezaji ndiyo yanayomletea hatari, na mchezo hujipandisha ugumu bila mtu kuupandisha.

Vitendawili: Zamu, heshima na kushindwa

Jioni katika boma za Ukambani, mchezo wa kale uliowaweka watoto macho hadi chakula kiive ulikuwa vitendawili. Mtegaji husema kwa Kikamba, "Kwata ndai", yaani kamata kitendawili, na mwenzake hujibu, "Nakwata", nimekamata. Mtaalamu wa mila kutoka Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20, alichapisha mkusanyiko wa vitendawili, methali na nyimbo za Wakamba mwaka wa 1934. Baadaye Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha hadithi za jamii hiyo katika kitabu Akamba Stories mwaka wa 1966.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana utaratibu unaolingana na huo. Mmoja husema "Kitendawili", wenzake hujibu "Tega". Wakishindwa kutegua, mtegaji hudai apewe mji, nao humtajia mji mmoja baada ya mwingine hadi akubali. Kisha husimulia alivyofika huko na kupokewa, ndipo atoe jibu.

Tazama jinsi kanuni hiyo ilivyo na busara. Aliyeshindwa hafukuzwi mchezoni. Hulipa kwa mji wa kubuni, husikia jibu, na hubaki ameketi akingoja zamu yake. Methali yasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mchezo huu umeyageuza makubaliano hayo kuwa sehemu ya burudani.

Somo kwa mbunifu ni kwamba adhabu ya kushindwa iwe fupi na imwache mchezaji karibu na mchezo. Michezo mingi hupoteza watu pale mtoto anapotolewa mapema na kukaa pembeni nusu saa akiwatazama wenzake.

Mizani ya ugumu

Kuna hali ambayo kila mchezaji mzuri anaijua: saa hupita bila yeye kuhisi, njaa husahaulika, na akili yote imo katika hatua inayofuata. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliichunguza hali hiyo na kuieleza katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1975, na tena katika kingine cha mwaka wa 1990. Kwa maelezo yake, hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtendaji. Kazi ikiwa rahisi mno huchosha. Ikiwa ngumu mno hutia wasiwasi.

Bao la Kiswahili linalochezwa pwani ni mfano bora. Lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo huanza kwa awamu ya namua, ambapo kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, naye huziingiza moja moja. Zikiisha, huanza awamu ya mtaji. Anayeanza kujifunza hufurahia kula na kupanda kete. Bingwa huhesabu hatua nyingi mbele. Ubao ni mmoja, lakini kila mmoja hukuta ndani yake ugumu unaomfaa, kwa sababu ugumu unatoka kwa mpinzani aliyeketi mbele yake.

Mchezo wa simu anaoucheza mtu peke yake hauna mpinzani huyo, hivyo mbunifu hulazimika kuugawa kwa viwango. Kanuni ya kazi ni kufundisha jambo moja kwa wakati mmoja, kulijaribu, kisha kulichanganya na lile lililotangulia.

Tuzo isiyotabirika

Hadi hapa tumezungumzia kanuni zinazomkuza mchezaji. Ipo nyingine yenye nguvu kubwa, nayo ndiyo iliyoleta maafa.

Wanasaikolojia wa Marekani Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha mwaka wa 1957 matokeo ya majaribio ya muda mrefu kwa wanyama. Njiwa aliyepewa punje baada ya kudonoa mara idadi isiyojulikana aliendelea kudonoa kwa kasi na bila kukata tamaa, hata punje zilipoadimika. Kwa maneno mengine, tuzo isiyotabirika hushikilia kuliko tuzo ya uhakika.

Mashine za kamari zimeundwa juu ya msingi huo. Ziliingia hadi vituo vidogo vya mashambani nchini Kenya, zikimeza sarafu za watoto wa shule na za vibarua. Mwaka wa 2018 serikali, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, iliendesha msako na mashine nyingi zikaharibiwa. Hata hivyo, kamari haikutoweka. Huduma ya M-Pesa iliyoanza mwaka wa 2007 ilikuwa imeweka pochi ndani ya simu, na michezo ya kubeti ikaifuata pochi humo. Katika kura ya maoni ya kampuni ya GeoPoll mwaka wa 2017, asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walisema wamewahi kubeti.

Mbinu ya pili ya mashine hizo ni nusura. Picha mbili hulingana, ya tatu inapita kidogo tu. Utafiti ulioongozwa na Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulionyesha kwamba kukosa kwa nusura kulisisimua sehemu za ubongo zinazosisimka mtu anaposhinda, na kukaongeza hamu ya kucheza ingawa wachezaji wenyewe hawakukufurahia.

Linganisha na drafti. Aliyekosa kwa nusura ubaoni amejifunza jambo. Aliyekosa kwa nusura mashinani hajajifunza chochote, kwa maana mzunguko unaofuata haukumbuki uliopita.

Mbinu ya tatu ni kumpa mchezaji hisia kwamba yeye ndiye dereva. Katika mchezo wa Aviator uliotolewa mwaka wa 2019, ndege hupaa huku kizidishi cha fedha kikipanda, na mchezaji hutakiwa kuchukua pesa zake kabla ndege haijatoweka. Anachagua lini atoke, lakini hawezi kujua ndege itatoweka lini, hata akicheza miaka kumi.

Mbinu ya nne ni kasi. Watengenezaji wa mchezo huo husema kwamba kwa wastani asilimia 97 ya fedha zinazowekwa hurudi kwa wachezaji. Hiyo yaonekana hasara ndogo. Lakini mtu akicheza raundi 1,000 za shilingi 20 atakuwa ameweka jumla ya shilingi 20,000, na kwa wastani shilingi 600 zitakuwa zimepotea. Kwa kuwa raundi nyingi huisha kwa sekunde chache, raundi elfu moja si nyingi kama zinavyosikika. Hakuna giza linaloingia, hakuna foleni, hakuna mwenzako anayesema twende nyumbani.

Sheria iliyosimamia kamari Kenya tangu mwaka wa 1966 ilikuwa imepitwa na mambo hayo. Mnamo Agosti 2025, Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya udhibiti wa kamari, iliyoanzisha mamlaka mpya ya kuisimamia sekta hiyo. Miezi michache kabla, mnamo Aprili 2025, matangazo ya kamari yalikuwa yamesimamishwa kwa siku 30. Shirika la Afya Duniani nalo limeuorodhesha uraibu wa kamari, na pia uraibu wa michezo ya video, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022.

Mfano: Mchezo wa msimu

Je, mbunifu wa Kitui au Makueni anaweza kutumia kanuni hizi kwa wema? Tuchukue mfano wa mchezo ambao mwalimu anaweza kuutengeneza kwa karatasi.

Wachezaji wanne hupewa punje 20 za maharagwe kila mmoja. Kila raundi ni msimu mmoja wa mvua. Mchezaji huamua punje ngapi azipande kama mahindi, ngapi kama mtama, na ngapi aziweke ghalani. Kisha kadi ya mvua hufunuliwa. Mvua ikiwa nzuri, mahindi hurudisha punje tatu kwa moja na mtama mbili. Mvua ikiwa haba, mahindi hayarudishi kitu na mtama hurudisha punje moja. Ukame ukija, vyote hukauka. Kila baada ya msimu, familia hula punje nne.

Kadi zikivutwa kwa bahati tupu, watoto watauchoka upesi, kwani uamuzi wao hauna uzito. Basi tuongeze kanuni moja: kadi ni 10, nazo zinajulikana, nne za mvua nzuri, nne za mvua haba na mbili za ukame, na kadi iliyotoka hairudi. Sasa anayekumbuka zilizopita anaweza kukisia zinazokuja. Bahati imebaki, lakini kumbukumbu na hesabu zimepata kazi.

Tuongeze ya pili, tuiite mwethya, kwa jina la vikundi vya kusaidiana kazi vya Wakamba. Wachezaji wawili wakitoa punje tano kila mmoja, hujenga bwawa la mchanga, na tangu hapo ukame kwao huhesabiwa kuwa mvua haba. Mabwawa ya aina hiyo si ndoto. Shirika la SASOL la Kitui limesaidia jamii kujenga mamia ya mabwawa hayo tangu miaka ya 1990. Kanuni hii huleta mazungumzo mezani: nimwamini jirani, au niweke punje zangu ghalani?

Tuongeze ya tatu: aliyeishiwa hukopeshwa punje sita badala ya kutolewa nje. Na mchezo uishe kadi ya kumi inapofunuliwa.

Kanuni hizo chache zimebeba yote tuliyoyaona: uamuzi wenye hatari na faida kama katika kati, makosa yanayoonekana kama katika drafti, mshinde anayebaki mchezoni kama katika vitendawili, na mwisho unaojulikana.

Kabla ya kuutia katika simu, mwalimu auchezeshe kwa karatasi mara kadhaa, akinyamaza na kutazama. Asiwaulize watoto kama wameupenda, maana watamjibu kwa adabu. Aangalie wanapopiga gumzo la mambo mengine, wanapozozania kanuni, na kama wanaomba raundi nyingine kengele inapolia.

Maswali ya mbunifu na mzazi

Awe anaunda mchezo au anamnunulia mwanawe, mtu anaweza kuupima kwa maswali manne.

Kwanza, aliyecheza mara 100 ana ujuzi gani ambao aliyecheza mara moja hana? Pili, anaposhindwa, anaweza kueleza kwa nini? Tatu, mchezo unaisha lini, na ni nani anayeamua uishe? Nne, mchezaji akikosa kuacha, faida inamwendea nani?

Mcheza drafti wa Wote ana majibu yote manne. Hujua mitego ambayo mgeni haijui, huonyesha alipokosea, huinuka kete zikiisha au zamu ya mwenzake ikifika, na muda aliokaa haukumnufaisha mwenye duka ila pengine kwa soda moja. Mwenye simu ya kamari hana jibu la swali la kwanza wala la pili. La tatu hulijibu pesa zinapokwisha, na la nne linajulikana.

Kumshika mchezaji si kazi ngumu tena, kwa kuwa mbinu zake zimechunguzwa na kuandikwa kwa zaidi ya nusu karne. Kijana wa Mwingi au Makindu anayeanza leo kuandika programu yake ya kwanza atazikuta zote tayari mikononi mwake, njema na mbaya pamoja. Ni heri aanze kwa kuketi kibarazani na kuwatazama wazee wakicheza.